Tenga la Bi Mkubwa

Kidimu alikuja Jumanne, miguu imefungwa ukindu,
kutoka Konde, ndani ya kikapu cha shangazi,
manyoya yamejipinda kama nywele zilizokataa kitana.
Nikamfungua nyuma ya nyumba, Limbani,
kati ya jaa la majivu na mgomba.
Kuku saba wakanyamaza.
Kunyamaza kwa kuku si kwema.

Wa kwanza kumwendea, Bi Mkubwa,
mtetea wangu wa madoa, mwenye mwendo wa kuingia arusini.
Alimtazama kwa jicho la upande huu,
akageuka, akamtazama kwa jicho la upande ule,
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Ndipo akamdonoa.

Alhamisi Kidimu hali mpaka wenzake washibe.
Ijumaa mgongo una doa jekundu, ukubwa wa sarafu,
na kuku akishaona nyekundu, basi:
hata Kishingo, asiyemkosea mtu,
aliyetoka yaini na shingo tupu,
naye akaja kuonja.

"Nchinje huyo," akasema Faki, upande wa pili wa ua,
"hana siku nyingi. Watoto wapate supu."
"Mtenge," akasema mama mkwe, "mpe banda lake."
Kila mtu ana dawa,
na kila dawa inamwondoa aliyedonolewa.

Usiku nikakwangua masizi ya chungu,
nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikampaka;
wekundu ukazama.
Vidole vikanuka jiko. Na Mize pia alinuka jiko,
darasa la tano, sare yake na kiraka cha kanga begani,
kwa kuwa alipika kwao kabla ya kuja skuli.
Mimi ndiye niliyemwita Kiraka.
Mara moja tu, nasema kila siku,
lakini darasa zima lilikuwa na midomo.
Mwalimu akamhamisha Mize
chumba cha pili, karibu na choo.
Mimi nikabaki dawati la dirishani, penye upepo.

Alfajiri, kabla hajashuka ubaoni,
nikamkamata Bi Mkubwa, mabawa mawili kwa mkono mmoja,
nikamfunika tenga, jiwe juu.
Maji kwenye kifuu. Pumba konzi moja.
Siku ya kwanza alinishitaki mtaa mzima.
Ya pili akazunguka, akazunguka.
Ya tatu akalala vumbini, kimya,
akiwatazama wenzake wakila bila yeye.

Huku nje nikaongeza chombo cha pumba,
na kingine nyuma ya mgomba,
anayeogopa macho ale bila macho.
Fungu la mchicha nikalining'iniza kwa kamba,
juu kidogo, warukie,
midomo ipate kazi nyingine.

Siku ya nne nikanyanyua tenga.
Akatoka, shingo ndefu, akitafuta nafasi yake.
Ilikuwa imekaliwa.
Kishingo akamdonoa mara moja, ya salamu.
Kidimu hakukimbia. Sikusema amesamehe,
kuku sijui wanaweka wapi mambo hayo.
Alikuwa anakula, na akaendelea kula.

Bado wanadonoana, sikudanganyi.
Yupo wa kwanza kwenye maji, yupo wa mwisho.
Ila damu sijaiona tena,
na mgongoni mwa Kidimu vimeanza vijinyoya,
vimejipinda vile vile.

Mize ana duka sasa, njia ya kushukia bandarini,
anauza chumvi, viberiti, sabuni ya mche.
Tunaamkiana. Miaka yote hii tunaamkiana.
Leo nimempelekea mayai sita, nikasema zawadi.
Akayahesabu. Akayapanga kwenye trei.
Akanilipa bei ya soko, hajapunguza, hajazidisha,
akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.
Nikasimama mlangoni, noti mkononi,
na jina lile nililompa
limenikaa kooni kama punje kavu.